Hakimu Aliyetaka Habari za Mbuzi

Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote, tukimwacha mhadhiri wa sheria ya ardhi. Wenzangu walikuwa chekechea wakati mimi nimeshaanza kusoma habari redioni Lodwar, na wananiita "mathe", yaani mama, kwa upendo ambao bado sijauzoea. Tulipofanya mazoezi ya kwanza ya kesi za kuigiza, nilipewa kazi ya kumhoji shahidi, kijana aliyejifanya ameibiwa pikipiki. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikamtazama kwa huruma, kisha nikamuuliza alijisikiaje pikipiki ilipopotea. Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri akavua miwani, akasema swali ni zuri sana ila mahakamani halina kazi. Nilicheka pamoja nao. Ukiuliza watu swali lile lile miaka nenda miaka rudi, mdomo unalitoa wenyewe.

Baada ya hapo walitaka kujua kwa nini mtu aache kazi inayojulikana, awaache mume na watoto Kanamkemer, aje kubanana kwenye madawati na watu wa umri wa wadogo zake. Huwa nawajibu kwa kifupi kwamba nilichoka. Si kweli. Sikuchoka hata kidogo. Redio niliipenda na ninaipenda mpaka leo. Kilichonitoa ni kwamba nilikutana na mtu aliyejua kusikiliza kuliko mimi, nami nilikuwa najiona bingwa wa kusikiliza Turkana nzima. Nilimwonea wivu, na wivu ule haujaniisha.

Lodwar watu walinijua kwa masikio kabla ya kunijua kwa macho. Nilikuwa napanda boda pale Kanamkemer, nikisema tu nipelekwe mjini, dereva anageuza shingo kunisalimia kwa Kiturkana: "Ejok! Si ni wewe wa saa moja?" Sokoni nilipunguziwa bei ya samaki kwa sababu ya taarifa ya habari. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa watu na rekoda, kuwauliza, kurudi na maneno yao, kuyakata na kuyasoma kwa Kiswahili na Kiturkana. Na kukata ndiko nilikojivunia. Wazee wetu hawajibu swali kwa mkato. Ukimuuliza mzee wa Lokiriama kama mvua imenyesha, ataanza na ukame uliomwondoa baba yake, apitie kwa ng'ombe waliobaki, amsifu fahali mmoja mpaka machozi yamlengelenge, ndipo akuambie kwamba hapana, haijanyesha. Mimi nilikuwa naondoa baba, ng'ombe na fahali, nabakiza "haijanyesha." Mhariri wetu, mtu wa Kalemng'orok mwenye haraka ya kuzaliwa nayo, alikuwa akiwaambia vijana wapya waje wakae karibu nami waone jinsi mkono unavyofanya kazi.

Siku ninayoizungumzia nilikuwa Kakuma kufuatilia kesi ya wizi wa mifugo. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani na laga, ile mito yetu ya msimu, zilikuwa zimejaa, barabara ya kutoka Lodwar imekatika. Mimi nilikuwa nimetangulia jana yake. Mkalimani wa mahakama hakubahatika, alikwama ng'ambo na magari mengine yote, akawa anapiga simu tu kuomba radhi.

Kesi yangu ya mifugo iliahirishwa mapema asubuhi. Iliyofuata ilikuwa ya mtoto, na kesi za watoto husikilizwa faragha, kwa hiyo karani akatutoa wote tusiohusika. Nikaenda kukaa nje na kuanza kufikiria nitamwambia nini mhariri. Mara karani akatokea mlangoni, akanikazia macho, akauliza kama si mimi ninayesoma habari kwa Kiturkana. Nikakubali kwa furaha, nikidhani anataka kunisalimia. Akaniambia nizime rekoda, niiache kwake, niingie ndani.

Ndani kulikuwa na mwanamke mzee wa Kitoposa, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, amekaa mbele na kitambaa cha kanisa kichwani. Kitoposa na Kiturkana ni lugha za jirani sana, tunaelewana bila shida, ingawa watu wetu wameibiana ng'ombe tangu zamani. Upande wa pili alikaa mwanamume mwenye shati safi lililopigwa pasi, baba mdogo wa mtoto. Mtoto mwenyewe, msichana aliyekaribia kumaliza shule ya msingi, alikuwa amekaa nyuma na ofisa wa watoto. Shauri lilikuwa fupi kulieleza. Mama yake alifariki mtoto akiwa mchanga, baba naye akafa baadaye kule kwao. Nyanya, mzaa mama, ndiye aliyekuwa naye Kakuma. Sasa baba mdogo alikuwa amevuka mpaka kuja kumchukua, akisema ng'ombe wa mahari walitolewa kwa ajili ya mama wa mtoto, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wao, na kwamba nyanya alimpokea juzijuzi tu. Gari lilikuwa tayari. Hakimu akikubali, mtoto angeondoka Kakuma siku ile ile.

Majina siyataji, na mengine nimeyafunika, kwa sababu kesi ilikuwa ya faragha na niliapishwa. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonishangaza: nilishika Biblia, nikaapa kwamba nitatafsiri yote kwa ukweli, na nikagundua kwamba nimeingia kwenye habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuzifikia nami sitaruhusiwa kuitangaza hata neno moja.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, si mtu wa kwetu, mwenye sauti ndogo. Kila kinachosemwa alikiandika kwa mkono. Alipoona nyanya anaongea kwa sauti ya chini akaagiza feni izimwe, kwa kuwa ilikuwa inapiga kelele. Mlango umefungwa kwa sababu ya faragha, feni imezimwa, na jua la Kakuma mnalijua au mmelisikia. Tulilowa sote, karani akawa anajipepea kwa faili. Hakimu hata leso hakutoa. Alivua miwani, akaifuta jasho, akairudisha, akamwambia nyanya asiharakishe.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Jina, anakoishi, anavyohusiana na mtoto. Kisha hakimu akamuuliza mtoto ameishi naye tangu lini.

Nyanya akavuta pumzi, akaanza. Alianza na ugonjwa wa binti yake, akaingia kwenye uji ambao mtoto aliukataa, akaja kwenye mbuzi. Huyo mbuzi alikuwa wa kahawia, pembe moja imevunjika, na nyanya alimweleza kama anayeeleza ndugu. Alikopeshwa na mwanamke wa Kiturkana wa pale Kakuma ambaye walikuwa wakibadilishana naye mahindi kwa kuni. Akaeleza alivyokuwa mkaidi kukamuliwa, alivyokula karatasi za nailoni akavimba, na mwenye mbuzi alivyokuja na kuuliza kwa nini mbuzi wake amekonda. Aliongea, akanyamaza, akakumbuka, akarudi nyuma. Mimi nilikuwa nimeshapata ninachokitaka tangu sentensi ya pili. Aliponyamaza nikamgeukia hakimu, nikasema kwa ile sauti yangu ya saa moja:

"Anasema amekuwa naye tangu akiwa mchanga."

Nilijisikia vizuri kabisa. Ilikuwa sentensi safi, mhariri angeipenda.

Hakimu hakuandika. Aliiweka kalamu juu ya meza, akanitazama bila hasira. "Mama ameongea mpaka mkono wangu umepumzika," alisema. "Wewe umeniambia mstari mmoja. Mengine yako wapi?"

Nikamwambia mengine yalikuwa habari za mbuzi, Mheshimiwa.

"Basi niletee na mbuzi."

Nikahisi masikio yakinichoma. Lakini hakunikaripia wala hakunidharau mbele ya watu, na hilo nimelishika mpaka leo kwa sababu angeweza. Alinieleza kwa upole kwamba mimi pale si mwandishi, ni mdomo wa yule mama, na mdomo hauchagui. Kisha akamwomba nyanya, kupitia kwangu, aanze upya na awe anasimama kila baada ya maneno machache ili niyabebe. Nyanya hakuona tabu hata kidogo. Nadhani alifurahi kupata mtu anayetaka kusikia mara ya pili.

Tukaanza upya. Kila alichosema nikakisema, na hakimu akakiandika: uji, pembe iliyovunjika, karatasi za nailoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa kinywa changu, maana kila sentensi nilitamani kuipunguza kidogo. Na pale karibu na mwisho, mahali ambapo mara ya kwanza nilikuwa nimeshaacha kusikiliza na kuanza kupanga maneno yangu, nyanya akasema kwamba yule mwenye mbuzi alikuja naye asubuhi ile, yuko nje, amekaa chini ukutani, anangoja kuulizwa na hakuna aliyemuuliza.

Nililisema hilo nalo. Hakimu akainua kichwa, akamwambia karani akamlete.

Aliingia mwanamke mwembamba wa umri wangu hivi, shanga zimejaa shingoni, akaapishwa. Hapa lazima nieleze desturi yetu moja. Mtu akikukopesha mbuzi wa maziwa, maziwa ni yako, mbuzi ni wake. Kwa hiyo mwenye mbuzi hupita kila mara kumwangalia mnyama wake, kama analishwa, kama amezaa, kama yupo. Hakuna anayeona hayo ni uchokozi. Ni haki yake. Mimi nimekulia ndani ya desturi hiyo na haikuwahi kunijia kwamba inaweza kuwa na manufaa mahakamani. Hakimu, ambaye si wa kwetu, aliiona palepale. Akamuuliza yule mwanamke alikuwa anakwenda mara ngapi kwa nyanya kumwona mtoto.

Yule mwanamke alijibu kwa ukali kidogo, kama aliyesingiziwa. "Sikuwa nakwenda kuona mtoto. Nilikuwa nakwenda kuona mbuzi wangu."

Hakimu akatabasamu, mara ya kwanza siku ile. Akauliza kila alipokwenda kuona mbuzi, mtoto alikuwa mikononi mwa nani. Yule mwanamke akamwonyesha nyanya kwa kidevu. Tangu akiwa hajaota jino, akasema, na mpaka mbuzi alipokufa, na hata baada ya mbuzi kufa, maana kufikia hapo walikuwa wameshakuwa marafiki. Na huyu bwana je? Mwanamke alimtazama baba mdogo kutoka juu hadi chini. "Huyu nimemwona leo."

Ningependa kuwaambia kwamba baba mdogo alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Hakuwa. Zamu yake ilipofika hakimu alimsikiliza vilevile, feni imezimwa, kalamu inatembea, na mimi nikatafsiri kila neno. Alimzungumzia kaka yake marehemu, na jinsi ambavyo hakuna kingine alichoacha duniani isipokuwa yule msichana, akalia bila kujificha. Hakimu alingoja amalize. Hakumwambia pole na hakumharakisha. Kisha akasema uamuzi utatolewa baadaye, na mpaka hapo mtoto asitolewe Kakuma. Gari likarudi bila abiria.

Nilirudi Lodwar laga zilipopungua. Mhariri akauliza nimeleta nini, nikamwambia kesi ya mifugo imeahirishwa. Akauliza kama hayo ndiyo yote. Nikasema ndiyo, na kifua kilikuwa kimejaa.

Siku zilizofuata mkono wangu ulianza kuniasi. Nililetewa sauti ya mzee mmoja aliyelalamikia kisima, nikakaa kuikata, nikashindwa. Kila nilipoweka alama ya kukata nilijiuliza kama hapo ndipo palipo na mtu aliyekaa nje anangoja kuulizwa. Mwishowe niliirusha karibu yote, taarifa ikapita muda wake, na mhariri akaingia studio amejishika kiuno.

"Madam, hii stori iko na urefu kama barabara ya Lokichar. Nani anangoja?"

Alikuwa na haki. Redio ni ya watu walio na haraka, wanachunga, wanapika, wanaendesha boda. Lazima mtu awakatie. Lakini nilikuwa nimeona chumba ambamo mtu mmoja alilipwa ili asikate, na maneno yakishaandikwa yote yanazuia gari kuondoka. Habari zangu ziliwahi kuwaliza watu. Hazikuwahi kuzuia gari.

Nilimwambia mume wangu kwamba nataka kusomea sheria, tukiwa tunaanua nguo uani. Yeye ni mwalimu, hashtuki haraka. Akauliza kama nitavaa sare. Akauliza kama watoto wetu watakuja kunitembelea siku ya wazazi. Aliponiona sicheki, akaweka kapu chini, akaniambia amekuwa akiishi na sauti ambayo kila mtu anaisikia, na kwamba angependa kuona kama mwenye sauti anaweza kunyamaza mwaka mzima maktabani. Nikajua amekubali. Nilimpenda sana jioni ile, na nilimwambia hivyo.

Uamuzi ulitolewa wiki kadhaa baadaye. Mkalimani wa mahakama alikuwa amesharudi, lakini nyanya alisema anamtaka yule wa redio, na hakimu hakukataa. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda.

Hakimu alisoma kwa Kiingereza, akisimama kila aya ili nitafsiri. Sikupunguza kitu. Yote yalikuwamo: ugonjwa, uji, mbuzi wa kahawia na pembe yake, na mwenye mbuzi aliyekwenda kumwangalia mnyama akamwona mtoto. Nyanya alipokuwa akisikia mambo yake yakisomwa na mtu mkubwa vile, alikuwa anaitikia taratibu, kama anayehakikisha hakuna kilichoachwa. Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Mtoto abaki kwa nyanya yake, aendelee na shule, asivushwe mpaka bila ruhusa ya mahakama. Baba mdogo awe huru kumtembelea, na mtoto aachwe awajue watu wa baba yake.

Baba mdogo akaenda kumshika nyanya mkono. Msichana alikuwa analia ofisa wa watoto akimfuta machozi. Karani akaanza kukusanya mafaili. Hakimu alikuwa ameshafunika kalamu yake. Nilidhani tumemaliza.

Nyanya hakuinuka. Alinigeukia, akaniambia nimuulize hakimu kitu kimoja.

"Anauliza," nikasema, "na akifa je?"

Hakimu akairudisha miwani machoni. Kesi nyingine zilikuwa zinangoja, zimejaa varandani. Akaketi sawasawa, akamjibu kwa urefu wote, na mimi nikambebea. Alimwambia swali hilo halikuletwa mbele yake siku ile, kwa hiyo hawezi kuliamua, na hatamdanganya. Lakini liko linalowezekana: anaweza kuandika, akiwa hai na akili timamu, jina la mtu anayetaka amlee mtoto baada yake, na mahakama italiangalia. Isiandikwe ovyo ovyo. Atafute wakili amwandikie vizuri. Akamuuliza kama ameelewa. Nyanya akasema ameelewa, na akamshukuru kwa kuwa hakumwambia kwamba hatakufa.

Nje aliningoja, msichana pembeni yake, na mwenye mbuzi akiwa ametangulia barabarani. Aliniuliza kama mimi ninaweza kumwandikia hayo. Nikamwambia siwezi, mimi si wakili, lakini wapo mawakili wa kusaidia watu wanaokuja Kakuma. Akasema anawajua, ni watu wazuri, ila wote anaongea nao kwa mdomo wa mtu mwingine, na jambo la kifo chake angependa kulisema mwenyewe na lisikike lilivyo. Akauliza hiyo kazi inasomewa wapi. Nikamwambia chuo kikuu, miaka minne, na bado kuna masomo mengine juu yake. Akauliza kama nimeanza.

"Bado," nikasema. "Lakini nataka."

Zaidi ya mume wangu, alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Alinitazama, akamtazama msichana kwa muda mrefu zaidi, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Basi anza," akasema. "Na usome haraka."